Shazia Zilizobaki Kwenye Nyasi za Paa

Mmeniuliza, vijana mnaosomea ununuzi na ugavi pale Morogoro, biashara za dunia zitakuwa zinanunuaje vitu vyake huko tuendako. Swali zito hilo kumpelekea bibi wa Kilosa aliyestaafu bohari ya ushirika na darasa lake la nane la zamani. Nimelisoma, nikacheka peke yangu, nikalisoma tena. Marahaba, nitajibu. Ila nitajibu kwa kuzungukazunguka, maana hata mizigo yetu ilifika hivyo.

Kabla sijaanza mjue kwamba nawaonea wivu. Siyo wivu wa kumtakia mtu mabaya. Ni ule unaokupata ukiwa na njaa ukamwona mwenzako anamenya muwa taratibu. Juzi binti wa jirani yangu hapa Magomeni ya Kilosa aliagiza cherehani kutoka China akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Ikawa kila akipita ananionyesha simu: bibi, sasa imetoka kiwandani; bibi, sasa ipo melini; bibi, imeteremka Dar. Mimi maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikishaagiza kitu naanza kukisubiri kama mkulima anavyosubiri mvua, kwa kutazama juu.

Enzi zangu ni zile za baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha, wakati biashara kubwa ilipohama kwa watu binafsi ikaja kwetu, kwenye ushirika na mashirika ya umma. Bohari yetu ilikuwa jirani na stesheni ya Kilosa. Majembe, chumvi, vitenge, kandili, sabuni za mche, magunia, vyote viliteremshwa kwenye treni kutoka Dar, tukavipokea, tukavipakia lori kwenda vijijini. Mazao nayo yakarudi kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nafika asubuhi mlango haujafunguliwa, nanusa magunia mapya na mafuta ya taa, najiona nimekaa katikati ya dunia.

Kila kasha nililofungua nililisoma ubavuni kwanza. Yalikuwa na majina ya miji ambayo sikujua hata pa kuanzia kuyatamka. Nikajiapiza kwamba siku moja nitasimama bandarini Dar, nione winchi zinavyopakua meli, nijue haya majembe yetu yametokea wapi. Wasichana wenzangu waliota harusi. Mimi niliota winchi.

Sasa Lameki. Tulikuwa makarani wawili wa manunuzi, mimi na yeye. Lameki alikuwa mtoto wa milimani, wa shule ya misheni, mrefu, mpole, na alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoifuta kwa kitambaa kila asubuhi hata kama hakuwa anakwenda popote. Haya yote ningeweza kuyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni namna alivyoongea na simu.

Simu ya bohari ilikuwa ile ya kuzungusha mkono. Akipiga Lameki, Dar inaitika. Nikipiga mimi, Dar imekwenda kula. Akiuliza yeye habari za mabati, anajibiwa kwa jina: Ndugu Lameki, subiri kidogo, tunakuangalizia. Nikiuliza mimi, naulizwa Kilosa iko mkoa gani.

"Dada Zuhura, unawafokea mno," aliniambia siku moja. "Waulize kwanza wameamkaje."

"Nikimaliza kuwauliza wameamkaje, laini inakatika."

"Basi waulize haraka."

Alisema hivyo bila kunicheka, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Mtu ukimwonea wivu unamwombea angalau awe na dharau kidogo ili mambo yakae sawa. Lameki hakunipa hata hiyo.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Shabani, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe zamani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kugonga jembe kwa kijiwe na kusikiliza: zuri linalia kama kengele ya shule, lililopasuka linakohoa. Alinifundisha kuzamisha mkono wote kwenye gunia la chumvi mpaka kwapani, kwa sababu juu huwa kavu hata kama chini kuna bwawa. Na alinifundisha kutomwuliza dereva swali ambalo siko tayari kusikia jibu lake. Hilo nililielewa siku lori letu la chumvi lilipoharibika maeneo ya Mikumi, dereva akaliacha kwenda kutafuta fundi. Lilipofika Kilosa magunia yalikuwa yamepungua na yaliyobaki yameraruka.

"Chumvi imekwenda wapi?" Mzee Shabani akauliza.

"Tembo, Mzee."

"Tembo wameiba?"

"Hawakuiba. Wamelamba."

Mzee Shabani akavua kofia, akaivaa tena, akaniambia niandike tembo. Wakubwa wa Morogoro walileta barua kutaka kujua Ndugu Tembo ni mtumishi wa idara gani.

Lakini somo kubwa la Mzee Shabani lilikuwa lile tuliloliita kutaja wenzake. Agizo lolote kabla halijapelekwa Dar lilisomwa kwa sauti. Mimi nasoma kitu, Lameki anataja wenzake, yaani vile vitu ambavyo bila hivyo hicho nilichosoma hakifanyi kazi. Mzee Shabani anakaa kwenye kreti, macho ameyafumba, anasikiliza.

"Kandili."

"Utambi, chemni, mafuta ya taa."

"Baiskeli."

"Pampu, viraka, gundi yake."

"Cherehani."

"Sindano, mkanda, mafuta."

"Mafuta gani?" Mzee anauliza bila kufumbua macho.

"Ya mashine, Mzee. Siyo ya kupikia."

Utaratibu huo ulianza baada ya kuletewa kandili bila chemni, kile kioo cha kukinga moto. Watu walizinunua hivyohivyo kwa kuwa hawakujua lini zitakuja nyingine, wakawa wanahifadhia mbegu za mchicha. Tangu hapo Mzee Shabani akawa anasema kitu kinachokuja peke yake ni sawa na mgonjwa aliyefika hospitali bila ndugu wa kumpikia. Mkiacha yote niliyoandika hapa, hilo mlichukue. Hata mkija kununua ndege, semeni kwa sauti, na mwenzenu ataje wenzake.

Basi mwaka mmoja ikaja habari kwamba ushirika unataka mtu wa kukaa bandarini Dar kabisa, afuatilie mizigo yetu inaposhuka melini, maana vitu vilikuwa vinapotelea hukohuko kabla havijapanda treni. Mtu atoke bohari ya Kilosa. Mzee Shabani akatuita wote wawili.

"Kila mmoja wenu anataka kwenda," akasema.

Lameki akatazama viatu vyake. Mimi nikasema ndiyo kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

"Nitauangalia msimu huu wa pamba. Nitakavyoona ndivyo nitakavyoamua."

Sikulala vizuri wiki ile, na mjini hapakunisaidia. Muuza chai wa stesheni akaanza kumwita Lameki Bwana Bandari na kumpa kikombe cha kwanza, kabla ya abiria. Kila mtu alishamwona Dar. Na mimi, Mungu ananijua, nilikuwa nimeshachagua gauni la kushukia nalo kwenye treni.

Agizo la msimu wa pamba tulilisoma kwa makini kuliko maagizo yote. Nilisoma, "Magunia." Lameki akataja, "Uzi wa katani." Mzee Shabani akasubiri, akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea. Hakuna aliyekosea chochote pale. Ndivyo tulivyokuwa tukiagiza tangu bohari ifunguliwe, na pamba ilishonwa kila mwaka.

Magunia yakaja. Uzi ukaja. Tukapeleka kijiji cha Kisanga na kwingine. Halafu dereva akarudi kutoka Kisanga na lori tupu.

"Pamba iko wapi?" nikamwuliza.

"Iko chini."

"Kwa nini hukupakia?"

"Nipakie kwa nini, Dada Zuhura? Kwa ufagio? Haijafungwa."

Nikapanda lori lilelile, tukageuza. Kisanga nilikuta pamba imejaa kwenye banda la kununulia mpaka imemwagika nje, imelundikwa juu ya mikeka, nyeupe, safi, daraja la kwanza. Akina mama wameketi pembeni wamekunja mikono. Aliyekuwa kiongozi wao wa kushona ni Mama Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nikamwamkia, akanijibu, akaniacha nisimame kidogo ili niione hiyo pamba vizuri.

"Mama Tatu, kuna tatizo gani? Magunia hayakutosha?"

"Magunia tunayo mpaka ya kulalia."

"Uzi?"

"Uzi upo. Unataka tushonee kucha?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hawakuwa na shazia. Kama hamjawahi kuiona, shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, ndefu kama kiganja, yenye tundu la kupita uzi mnene. Gunia la pamba huwezi kulifunga kwa fundo tu. Pamba inashindiliwa kwa miguu mpaka gunia linavimba, na mdomo usiposhonwa inarudi yote nje kama maziwa yanayochemka.

"Lakini shazia mlikuwa nazo miaka yote," nikasema.

"Tunazo."

"Ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Si mkazichukue?"

"Nyumbani kule," akasema Mama Tatu, akanyoosha mkono upande wa pili wa mto.

Mwaka ule watu walikuwa wamehamia kijiji kipya, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari karibu na shule na barabara. Kule walikotoka kila nyumba ilikuwa na shazia yake, imechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango, mahali ambapo mama anainua mkono bila kuangalia na kuichukua. Ilikaa pale msimu hadi msimu, ikirithiwa toka kwa mama mkwe. Hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Siku ya kuhama walikumbuka sufuria, kuku, vinu, vitanda.

"Tulibeba mpaka milango, mwanangu," Mama Tatu akaniambia. "Lakini nani anabeba nyasi?"

Na zile nyumba za zamani moto wa nyika ulikuwa umeshazipitia.

Nikatazama milima. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu kama watu wanaosubiri kikao. Ile pamba ikinyeshewa inageuka njano, inashuka daraja, ikizidi inaoza. Na ndiyo iliyokuwa mavuno yao yote, ya mwaka ambao walikuwa wameuanza upya ugenini. Walishajaribu vijiti vya mianzi, vikavunjika. Walijaribu miiba. Msichana mmoja alinionyesha vidole vyake, nikatamani asingenionyesha.

Nikarudi Kilosa nikawaambia Mzee Shabani na Lameki. Lameki akaikamata simu. Nakiri alifanya kazi siku ile. Alizungusha mpaka mkono ukamwuma, akawauliza wameamkaje, wameshindaje, na watoto je. Dar ikamjibu kwa upole mwingi. Shazia zipo. Ziko njiani. Ziko melini, na meli imesimama nje ya bandari inasubiri zamu ya kuingia.

Mnaona nilivyo? Kisanga pamba inakaribia kuloa, na mimi hapo nikawaza jinsi ambavyo ningependa kuwa nje ya bandari nikisubiri pamoja na hiyo meli.

Nilitoka nikaenda kwa miguu mpaka Magomeni, nikakaa kwenye benchi la fundi Kibwana, mtengeneza baiskeli, kwa sababu lilikuwa na kivuli na yeye hana maswali mengi. Alikuwa anashona tandiko la ngozi la baiskeli. Nikamtazama kwa muda kabla akili haijaniambia ninachokitazama.

"Fundi, hiyo sindano umenunua wapi?"

"Sijanunua. Spoku hii."

Spoku, zile nyuzi za chuma zinazoshika gurudumu. Alikuwa ameipasha moto ncha moja, akaigonga mpaka ikabapa, akaitoboa kwa msumari. Ncha nyingine ameinoa kwenye jiwe.

"Inaweza kupita gunia?"

"Dada, hii inapita ngozi ya ng'ombe. Gunia ni nani?"

Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kushona. "Nikikupa spoku zangu zote," akasema mwishoni, "wewe utakuwa umefunga pamba, na Kilosa nzima itatembea kwa miguu. Spoku nazo ziko melini, hujui?"

"Za magurudumu mabovu huna?"

"Ninazo. Hazitatosha kijiji."

Akanitolea magurudumu yaliyopinda, ya baiskeli zilizokwishakufa. Tukaanza kuzing'oa spoku. Habari ikatembea, kama ilivyo Magomeni, watu wakaleta ringi zilizokuwa zimefungiwa kuku, gurudumu lililokuwa limewekwa juu ya kisima, moja bado lina kamba ya kuanikia nguo. Hazikutosha. Fundi Kibwana akazipanga chini, akatikisa kichwa.

Ndipo Lameki akaja anasukuma baiskeli yake nyeusi. Akaigeuza juu chini, akaomba spana, akafungua gurudumu la nyuma. Fundi Kibwana akamwuliza kama ana akili timamu.

"Chukua na la mbele," Lameki akasema. "Moja litafanya nini peke yake?"

Nilipaswa kushukuru, na kwa mdomo nilishukuru. Lakini moyoni, wajukuu zangu, nilisikia kitu kama kuungua. Wazo lilikuwa langu. Siku ilikuwa yangu. Na sasa hata kwenye siku yangu Lameki alikuwa amenizidi, safari hii kwa moyo mwema. Spoku zilizobaki nilizigonga nyundo kwa nguvu mpaka fundi akaninyang'anya.

Tulizipeleka Kisanga zimefungwa kwenye kitambaa kama nyama. Mama Tatu akachukua moja, akaipima uzito, akaiweka kwenye kona ya mdomo kama mtu anayeonja mchuzi, akatunga uzi, akachoma gunia. Ikapita. Akavuta. Ikafuata.

"Nyembamba," akasema. "Inauma kidole." Halafu akawageukia wenzake. "Mnangoja niwaimbie?"

Wakashona. Walishona wakiwa wamefunga matambara vidoleni, wanaume wanashindilia kwa miguu, lori linakwenda na kurudi. Shazia nyingine zilipinda, wakazinyoosha kwa mawe. Mvua ilianza siku moja baada ya lori la mwisho kuondoka, na Mama Tatu akatuma salamu kwamba inanyesha juu ya mikeka mitupu, vizuri sana.

Sasa turudi kwenye swali lenu, msije mkaniona nimelikwepa. Huko mbele mtakuwa na mashine zitakazojua stoo imeisha kabla nyinyi hamjajua, zitaagiza zenyewe kutoka upande wa pili wa dunia, zitapanga meli na lori na bei. Naamini kabisa, na roho inaniuma kwa kuwa sitakuwepo. Sisi nasi tuliahidiwa kitu kama hicho: mpango mmoja, bohari kubwa moja, kila kijiji kitapata chake kwa zamu. Haukuwa mpango wa watu wajinga. Kuna miaka miwa ya Ruhembe ilikuwa inageuka sukari jirani yetu kabisa, sukari inapanda treni mbele ya macho yetu inakwenda Dar, halafu sisi tunaiagiza Dar, inarudi kwa treni ileile. Tulicheka, lakini kwenye karatasi ilikuwa na maana. Karatasi ilijua vyote vilivyokuwa bohari. Isichojua ni kilichochomekwa kwenye paa la Mama Tatu. Mashine yenu mkishainunua, iulizeni hilo. Na isipojibu, pandeni lori mwende mkaangalie watu wanainua mkono wapi.

Pamba ilipokwisha kupelekwa kiwandani, Mzee Shabani aliniita peke yangu. Nilikwenda nimevaa vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Zuhura, umefanya kazi kubwa."

"Asante, Mzee."

"Ndiyo maana utabaki."

Nikadhani sikusikia. Akarudia, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. "Lameki akibaki hapa, siku Dar ikinyamaza na yeye atanyamaza. Wewe Dar ikinyamaza unakwenda kwa fundi baiskeli. Sasa niambie mwenyewe, nani nimpeleke bandarini na nani nimweke hapa na hawa watu?"

Alikuwa anasema kweli. Nikauliza swali la kitoto. "Kwa hiyo ningeshindwa, ningekwenda?"

"Ungeshindwa nisingekupeleka wewe vilevile," akasema, akacheka mpaka kofia ikatikisika. Mimi sikucheka. Nilirudi mezani kwangu nikahesabu magunia ambayo yalikuwa yamekwishahesabiwa.

Lameki aliondoka na treni ya kwenda Dar, amevaa suruali iliyonyooshwa, ameshika sanduku la bati. Muuza chai alimpa kikombe cha mwisho bure. Nilimsindikiza kwa sababu ni ustaarabu.

"Dada Zuhura," akasema kwenye mlango wa behewa, "hii nafasi ni yako."

"Basi shuka."

Tukatazamana, akacheka, na mimi nikacheka, machozi yakinilenga. Hakushuka. Hata mimi nisingeshuka.

Baadaye likaja kasha kutoka kwake. Meli ilikuwa imeingia. Nikalifungua, nikakuta shazia za kweli, za kiwandani, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, nene, zimepinda kidogo nchani inavyotakiwa, zinang'aa kama samaki. Nikachukua moja nikachoma gunia. Ilipita kama inapita kwenye uji. Wala haikuuma kidole. Nilisimama pale bohari nikiionea wivu sindano, kama mtu mwingine anavyomwonea wivu mke mwenza. Nikaweka yangu ya spoku pembeni yake, ikaonekana kama mtoto aliyekonda.

Nilizipeleka Kisanga mwenyewe. Mama Tatu alifurahi sana, akagawa moja kwa kila nyumba, na zile zangu akazikusanya akanirudishia. Alisema fundi Kibwana huenda akazihitaji.

Lameki alikaa bandarini mpaka akastaafu. Akija likizo alinipitia, tukanywa chai. Kila mara nilijikaza nikamwuliza: haya, bandari ikoje? Meli zikoje ukizisogelea? Kila mara akanitazama kwa yale macho yake ya upole, akapunguza sauti.

"Kazi tu, dada. Joto, kelele na makaratasi. Hakuna cha maana kule."

Alinionea huruma. Alijua nilivyotaka kwenda, akaona akinisimulia ataniumiza, akanifichia bahari nzima. Alifariki akiwa hajaniambia hata mlango wa meli unafungukia upande gani. Nilikwenda Dar mwenyewe baada ya kustaafu, nikakuta bandari imezungushiwa ukuta na mlinzi ananiomba kitambulisho.

Kwa hiyo wajukuu zangu, katika nyinyi wapo watakaoajiriwa bandarini, na wapo watakaopelekwa China kukagua viwanda, na wengine mtakuwa mnanunua vitu kwa niaba ya nchi ambazo sijui hata zilipo. Mkirudi likizo, mpite Magomeni, mwulize nyumba ya bibi wa bohari. Mje na muda. Msiniambie ni kazi tu. Mniambie winchi ni ndefu kiasi gani, na kasha likifunguliwa linanukaje, na mtu anayelifunga huko kwao anavaa nini, anacheka na nani. Nitawaonea wivu mpaka mtaona aibu. Mkiona hivyo msinyamaze. Ongezeni.